Ngurumo ya gurudumu la mbele: kisa cha Unimog iliyotoka Port Victoria

"Difu ya mbele imekwisha, fundi. Nimeambiwa Kisumu, na mimi mwenyewe nimeisikia ikilia kutoka Londiani mpaka hapa."

Mzee dereva alinipa maneno hayo kabla hata hajashuka. Nikamkaribisha, nikamtafutia kiti kivulini, nikamwambia tutazungumzia difu, ile nyumba ya gia katikati ya ekseli inayogawia magurudumu nguvu, baada ya chai. Lori lenyewe lilikuwa Unimog U1300L, zamani mali ya jeshi la Ujerumani. Chini ya rangi ya buluu ya wachimba visima, ule ukijani wa kijeshi ulikuwa bado unachungulia kwenye pembe za milango. Mgongoni limebeba mtambo wa kuchimbia. Lilikuwa limetoka Port Victoria, kule Bunyala ambako Nzoia huingia ziwani, likapita Kisumu na Kericho, likatokea Mau Summit na kuteremka Sachangwan na Salgaa hadi kwetu Nakuru. Kesho yake lilitakiwa Subukia.

Mama mwenye gari alipiga simu akiuliza bei ya kufungua difu. Nilimjibu, "Mama, nipe siku moja ya kusikiliza kabla sijakuomba siku mbili za kufungua." Hakufurahi, kwa sababu kila siku lori likilala, watu wa Subukia wanangoja maji. Lakini alikubali.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu vipimo viwili ninavyovitegemea kila siku vilinielekeza upande usio wenyewe, na sababu yake inaeleweka ukiikalia chini. Fundi mwingine akikutana na gari la namna hii, asipitie njia ile ile.

Kwanza gari lenyewe. Katika lori la kawaida, hafu shafti, yaani chuma kirefu kinachozungusha gurudumu, inatoka kwenye difu na kwenda moja kwa moja kwenye gurudumu, kwa hiyo ekseli iko kimo kimoja na katikati ya tairi. Unimog haiko hivyo. Ekseli yake imepandishwa juu. Ikifika kwenye gurudumu, hafu shafti inaishia kwenye gia ndogo, na gia hiyo inasukuma gia kubwa iliyo chini yake, na shafti ya hiyo gia kubwa ndiyo inayobeba gurudumu. Zote mbili zimefungiwa kwenye nyumba ya chuma yenye oili yake, mbali na oili ya difu. Jeshi linapenda mpango huu kwa sababu mbili. Tumbo la gari linakuwa juu, mawe na visiki vinapita chini. Na kwa kuwa nguvu inaongezwa mwishoni kabisa, pale gurudumuni, difu na hafu shafti hazibebi mzigo wote, zinaweza kuwa nyepesi. Humvee, gari la jeshi la Marekani, nayo ina gia gurudumuni, za uwiano wa 1.92 kwa 1, yaani gia ndogo inazunguka karibu mara mbili wakati gurudumu linazunguka mara moja.

Kwa fundi maana yake ni kwamba gari lina nyumba sita za gia kwenye ekseli mbili badala ya mbili. Difu mbili, na habu nne, yaani zile nyumba za gia zilizo gurudumuni. Sauti ikitoka mbele, unao washukiwa watatu waliounganishwa kwa chuma kimoja kinene, na chuma hupeleka sauti kama waya wa simu. Anayesema "difu" kwa kusikia tu akiwa kwenye kiti cha dereva anabahatisha.

Baada ya chai nikamuuliza mzee: ilianza lini?

"Siku tuliyoondoka Port Victoria."

Kabla ya hapo?

"Kabla ya hapo lilikuwa limesimama. Wiki tatu. Tulimaliza kisima, mvua ikafunga njia, tukangoja. Siku ya kuondoka nikasikia mvumo mdogo tukifika kama hamsini. Ahero ukawa umekua. Kericho nikawa siongei na taniboi bila kupaza sauti."

Niliandika kwenye daftari "wiki tatu", kisha nikaendelea na maswali mengine. Hapo ndipo nilipoacha jambo kubwa mkononi mwangu. Tutalirudia.

Tairi niliziondoa kwenye orodha mapema. Tairi zenye meno makubwa huvuma, na zikiliwa vibaya huvuma zaidi, lakini mvumo wa tairi hubadilika ukitoka kwenye lami na kuingia barabara ya vumbi. Tulipita kwenye njia ya changarawe nyuma ya gereji, na ngurumo ikabaki vile vile. Nikakata usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, gari likitambaa. Hakuna mlio wa ka-ka-ka, kwa hiyo viungo vya shafti pale inapokunja havina neno.

Kisha kipimo cha joto. Nina kile kidude cha kupima joto kwa mwanga, na mzee alipofika tu nilikuwa nimekielekeza kwenye habu zote nne. Kushoto nyuma ilisoma nyuzi 94, tatu zilizobaki zilikuwa kati ya 60 na 70. Kijana wangu alikwisha kuvuta jeki upande wa kushoto nyuma. Hata mimi nilikuwa nimeshaanza kuamini.

Lakini lori lilikuwa limetoka kuteremka Sachangwan. Anayeifahamu barabara ile anajua madereva wanavyoishika breki pale, na Unimog hii ina diski breki kwenye kila gurudumu, zimekaa jirani kabisa na habu. Joto la diski linapita kwenye habu kama joto la jiko linavyopita kwenye sufuria. Kusoma joto la habu baada ya mteremko ni kusoma breki. Tulinyanyua gurudumu lile tukakuta ni zito kuzungusha: pistoni moja ya kalipa, kile kinachoibana diski, ilikuwa inarudi kwa shida. Tukaisafisha, tukabadilisha sili zake, gurudumu likawa huru. Ngurumo haikuguswa.

Asubuhi tukaenda njia ya Njoro, mzee akiendesha, mimi nikiwa katikati na dirisha wazi. Nilimwomba afike kilomita 40 kwa saa, akanyage mafuta, kisha aachie. Gia zikiwa zimeliwa, sauti hubadilika pale pale, kwa sababu meno yanaacha kusukumana upande mmoja na kuanza kusukumana upande wa pili. Hii haikubadilika. Tulipopata kipande kilichonyooka cha barabara ya vumbi akatia gia ya magurudumu ya mbele. Hili nalo ni muhimu kwa gari hili: magurudumu ya mbele hayana kitu cha kuyatenga, kwa hiyo gia za habu na difu ya mbele huzunguka muda wote, hata gari likiendeshwa na magurudumu ya nyuma peke yake, ila huzunguka bila mzigo. Ukiwasha mbele, unazipa mzigo ghafla. Gia mbovu ingebadilisha sauti yake. Ikaendelea kunguruma kama jana.

Halafu kulikuwa na kimo cha sauti yenyewe. Tairi za 12.5R20 zina mzingo wa karibu mita 3.2. Kwa kilomita 40 kwa saa, gurudumu linazunguka mara tatu na nusu kwa sekunde. Chukua gia yenye meno 30 kwa mfano: meno yake yatagusana zaidi ya mara 100 kwa sekunde, na sikio litasikia mlio kama wa nyuki. Tulichokuwa tunasikia kilikuwa chini zaidi, kama jiwe la kusagia. Difu ndiyo ingelia juu zaidi, maana shafti yake ya kuingilia inazunguka mara nyingi kuliko gurudumu. Mpaka hapo nilikuwa tayari kumwambia mama mwenye gari kwamba difu yake ni nzima na kwamba tunatafuta beringi, yaani zile ringi mbili zenye roli kati yake ambazo shafti huzungukia.

Ya upande gani? Mafundi wengi tunaijua kanuni ya kona. Gari likikata kulia, mwili wake hulalia kushoto, beringi za kushoto hubeba zaidi, na kama mbovu iko kushoto italia zaidi. Likikata kushoto, kinyume chake. Njia ya Njoro ina kona za kutosha. Kila kona ya kulia, ngurumo ilipanda. Kila kona ya kushoto, ilififia hadi karibu kupotea. Haikuwa na shaka hata kidogo, mzee mwenyewe aliisikia.

"Basi ni kushoto mbele," akasema.

Nami nikasema ndiyo.

Tuliporudi tukapima joto tena, safari hii baada ya mwendo wa tambarare ambao mzee alikuwa ameombwa asiguse breki isipokuwa kwa lazima. Kulia mbele 58. Kushoto mbele 51. Za nyuma zote karibu 50. Tofauti ya nyuzi saba si kubwa, ningeweza kuipuuza, lakini ilikuwa upande usiotakiwa, nayo ikanikalisha.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa fundi wa magari ya jeshi kabla hajastaafu. Alikuwa na bisibisi ndefu ya mpini wa mbao, na kazi yake haikuwa kufungulia skrubu. Ncha unaiweka kwenye chuma, mpini unaukandamiza kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Alikuwa akituambia tusisikilize mahali pamoja tukatoa hukumu, tulinganishe pacha na pacha: habu ya kulia na ya kushoto, juu na chini, sehemu ile ile ya chuma, mwendo ule ule.

Tukanyanyua gari lote juu ya stendi nne. Hapa niseme jambo la usalama, kwa sababu nimeona watu wakifanya vinginevyo. Usiendeshe Unimog ikiwa na gurudumu moja tu hewani. Ina loku za difu, zinazolazimisha magurudumu mawili ya ekseli kuzunguka pamoja, na mtu akigusa swichi, au hewa ikivuja ikaingia pasipotakiwa, gurudumu lililo chini litashika na gari litaruka kutoka kwenye jeki. Isitoshe, gurudumu moja likiwa huru na mwenzake limeshikwa na ardhi, lile huru linazunguka mara mbili ya mwendo unaouona kwenye dashibodi. Ukidhani uko 30, lenyewe liko 60.

Yote manne yakiwa hewani, gia ya mbele imewashwa, injini ikienda polepole, nikazunguka na bisibisi. Nyumba ya difu ya mbele: mvumo laini, sawasawa. Habu ya kushoto, juu na chini: laini. Habu ya kulia juu, kwenye gia ndogo: laini. Habu ya kulia chini: kulikuwa na kitu, mkwaruzo mdogo wa kuja na kuondoka. Ulikuwa hafifu mno kulingana na kelele ile ya barabarani. Kama ningekuwa na haraka ningesema hamna kitu.

Tukazima injini, tukaondoa gia ya mbele, nikachora alama ya chaki juu ya tairi la kulia ili nihesabu mzunguko mmoja. Nikalizungusha kwa mkono polepole, kiganja cha pili kimelala kwenye nyumba ya habu. Laini. Nikalizungusha tena. Laini. Kijana wangu, aliyekuwa amekaa kwenye tairi kuukuu akitazama, akauliza: "Lakini barabarani si linakuwa limebeba mzigo? Hapa linaning'inia tu."

Alikuwa na haki. Nikamwambia alete lile chuma refu, aliingize chini ya tairi, alitegemeze kwenye gogo, na alinyanyue kwa uzito wake wote wakati ninazungusha.

Na hapo nikaisikia kwa kiganja. Dut, dut, dut, dut. Nilirudi kwenye alama ya chaki nikahesabu. Mara nane, mizunguko mingine mara tisa. Kijana akiachia chuma, inapotea. Akinyanyua, inarudi.

Hesabu hiyo inasema mengi. Kama jino moja la gia kubwa lingekuwa limevunjika, ningehisi mara moja kwa mzunguko wa gurudumu. Jino la gia ndogo lingenipa mara mbili na kitu, kwa kuwa yenyewe inazunguka haraka zaidi. Nane au tisa, namba isiyotulia, ni tabia ya beringi. Kuna kanuni nzuri ya kukadiria: doa lililo kwenye ringi ya nje ya beringi hupitiwa na roli mara zinazokaribia sehemu nne za kumi ya idadi ya roli, kwa kila mzunguko wa shafti. Roli 20, karibu mara nane. Doa likiwa kwenye ringi ya ndani ni kama sehemu sita za kumi, karibu mara 12. Kwa hiyo nilikuwa naangalia ringi ya nje, beringi ya shafti ya gurudumu, habu ya kulia. Na lile gurudumu la mbele kushoto ambalo kona za Njoro zilikuwa zimelishitaki lilikuwa safi.

Sikupenda kufungua huku ushahidi mmoja ukipingana na mwingine, nikajaribu kimoja zaidi. Nikalitikisa gurudumu kwa juu na chini. Lilicheza kidogo sana. Kijana akakanyaga breki, nikatikisa tena: mchezo ukaisha. Breki inaifunga diski na nyumba kuwa kitu kimoja, kwa hiyo mchezo ukiisha ulikuwa wa beringi. Ukibaki ni wa pini za usukani.

Kisha oili. Nilitandika beseni jeupe juani, maana oili ya gia ukiiangalia kwenye kopo jeusi haikuambii lolote. Nati ya kumwagia ilipoanza kulegea, yakaja kwanza maji. Si mengi, labda vijiko viwili vya chai, yenye rangi ya kutu. Nyuma yake oili nene ya rangi ya chai ya maziwa. Mzee dereva alisimama juu ya beseni akakaa kimya kwa muda.

"Haya ni ya Bunyala," akasema.

Chini ya beseni, oili ilipotulia, kulikuwa na vipande vidogo vya kung'aa, bapa, kama magamba ya omena. Uji wa kijivu kwenye sumaku ni jambo la kawaida kwa gia, hiyo ni kazi ya siku zote. Magamba ya kung'aa ni chuma kilichobanduka kutoka kwenye uso mgumu wa beringi.

Tulipotoa gurudumu na diski tukakuta kilichoingiza maji. Nyuma ya diski, mahali ambapo mdomo wa sili, ule mpira unaozuia oili isitoke na maji yasiingie, hukaa juu ya shafti, kulikuwa na uzi wa nailoni wa wavu wa samaki, umejizungusha mara nyingi mpaka ukawa kama pete. Joto la msuguano lilikuwa limeuyeyusha ukaganda, nao umekata mdomo wa sili kama kisu. Fundi wa mashine za boti pale Dunga, ufukweni Kisumu, angekijua kitu hiki kwa kukiona mara moja. Nyuzi za nyavu huua sili za propela kila siku ziwani. Kwenye lori sikuwa nimewahi kukuta. Mzee akakumbuka: kabla ya kufika eneo la kisima walipita mahali palipofurika, maji yakifika juu ya matairi, na watu wa pale walikuwa wameanika nyavu kwenye vichaka vilivyozama.

Habu ilikuwa moto kutoka barabarani. Ilipozama kwenye maji baridi, hewa iliyokuwa ndani ikajikunyata, ikanyonya kupitia jeraha la sili. Maji yakaingia, yakazama chini ya oili kwa kuwa ni mazito kuliko oili. Na kisha, wiki tatu, lori likasimama.

Sasa ile "wiki tatu" niliyoiandika na kuipita. Tulivuta shafti na kuzitoa beringi zake mbili, moja kila upande wa gia kubwa. Ringi ya nje ya beringi ya ndani, ile inayoelekea katikati ya gari, ilikuwa na mistari ya kutu iliyokula chuma. Haikuzunguka ringi nzima. Ilikuwa kwenye sehemu ya chini peke yake, na ilipangika kama ngazi, mstari, nafasi, mstari, nafasi. Nikaweka roli mbili juu yake. Nafasi ya mstari kwa mstari ilikuwa nafasi ya roli kwa roli. Nilizihesabu roli: 21.

Beringi iliyoharibika ikiwa inakimbia haiwezi kuacha alama za namna hiyo, kwa sababu roli zinatembea, zingesambaza uharibifu. Alama zenye vipimo vya roli zinachorwa gari likiwa limesimama, tone la maji likiwa limebanwa kati ya kila roli na ringi, siku baada ya siku mahali pale pale. Kwa hiyo habu haikuuawa na safari ya Kericho. Iliuawa kwenye kambi ya Port Victoria, kimya, watu wakingoja mvua ikatike. Safari ilibandua tu kile ambacho kutu ilikuwa imekwisha kukilegeza. Ndiyo maana pia hesabu ya kiganja ilikuwa wazi kiasi kile: roli zilikuwa zinatumbukia kwenye mistari yao zote kwa pamoja, zinatoka pamoja.

Beringi ya nje, iliyo karibu na gurudumu, nilidhani itakuwa nzima. Nayo ilikuwa na mistari ile ile upande wa chini. Ila haijabanduka, na uso wake wa juu uling'aa kwa kazi. Nilikaa na ringi hizo mbili mkononi muda mrefu kabla kona za Njoro hazijanielea.

Fikiria ufito uliopitishwa kwenye pete mbili, na mtu anausukuma juu kwa nje ya pete zote. Kwenye pete iliyo karibu naye ufito unabana juu. Kwenye pete ya mbali, kwa kuwa ufito unapinda kama mwiko juu ya ukingo wa sufuria, unabana chini. Shafti ya gurudumu ndivyo ilivyo. Ardhi inasukuma tairi juu, na tairi liko nje ya beringi zote mbili. Beringi ya nje inabeba kwa juu, mahali ambapo hapakuwa na kutu, kwa hiyo ilinyamaza ingawa nayo ilikuwa mgonjwa. Beringi ya ndani inabeba kwa chini, juu ya mistari yenyewe, nayo ndiyo iliyolia. Gurudumu likining'inia, mambo yanageuka, beringi ya ndani inabana juu, na ndiyo maana bila chuma cha kijana nilikuwa nashika kitu laini.

Gari likikata kulia, barabara inalisukuma tairi la kulia kwa chini kuelekea nje. Msukumo huo unaupinda ule ufito upande ule ule ambao uzito unaupinda, kwa hiyo beringi ya ndani inabanwa chini zaidi, na ngurumo inapanda. Likikata kushoto, msukumo unakuja kinyume, unaipunguzia mzigo sehemu ile yenye mistari, ngurumo inazimika. Kanuni ya kona inajibu swali la upande upi una uzito mwingi kwa jumla. Doa likiwa sehemu moja tu ya ringi, swali linalohitajika ni jingine: sehemu ile ya ringi inabanwa lini? Tangu siku hiyo bado natumia kona, ila silifungui gurudumu kwa neno la kona peke yake.

Ukarabati ulikuwa wa kawaida. Namba za beringi zimechongwa kwenye ringi, na muuza beringi yeyote wa Kirinyaga Road kule Nairobi anasoma namba hiyo bila kujali imetoka kwenye gari gani. Zilifika Nakuru kwa basi siku ya pili. Sili ndizo zilizosumbua. Nilipima kwa venia kipenyo cha ndani, cha nje na unene, nikatuma vipimo badala ya jina la gari, maana ukisema Unimog kwenye duka la kawaida unaambiwa usubiri meli. Gia tulizikagua jino kwa jino. Zilikuwa na madoa ya kutu yaliyofutika kwa kitambaa na mafuta, nyuso zake za kugusana ziko laini, tukazirudisha. Kuna watakaosema ningezibadilisha kabisa. Gia ambazo zimezoeana na hazina shimo hata moja sioni sababu ya kuzitenganisha.

Beringi mpya tulizipasha kwenye sufuria ya oili, zimening'inizwa kwa waya zisiguse kitako, kipimajoto ndani, karibu nyuzi 100 na kamwe zisipite 120. Zikateleza kwenye shafti bila nyundo. Naomba sana kwa yeyote anayesoma: nyundo juu ya ringi ya beringi mpya inachora mistari kama ile ya kutu, ila kwa sekunde moja badala ya wiki tatu. Kukaza tulifuata kitabu cha gari. Sili mpya, na juu ya shafti, pale uzi ulipokuwa umechimba, tukasugua mpaka ukucha usikwame.

Tukamwaga oili ya habu tatu zilizobaki. Za nyuma zilitoka safi. Ya kushoto mbele ilikuwa na ukungu kidogo, bila magamba, na sili yake haikuwa na uzi. Tukaisuuza, tukatia oili mpya namba 90, na nikamwambia mama kwenye simu kwamba hiyo siiamini bado, irudi baada ya kazi ya Subukia tuiangalie. Aliuliza kuhusu difu. Nikamwambia difu haijafunguliwa na haihitaji kufunguliwa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Asante, fundi."

Mzee nilimwonyesha kitu kimoja kwa vitendo. Ukishavuka maji, kabla hujaliegesha lori kwa siku nyingi, liache lipoe usiku mmoja. Asubuhi, kabla hujaliwasha, legeza nati ya chini ya kila habu, polepole, mpaka kitu kianze kudondoka kidogo. Kama kuna maji, yatatangulia, kwa kuwa ndiyo yaliyo chini. Ikidondoka oili, kaza. Ni kazi ya dakika kumi kwa habu zote nne, na haihitaji kitu zaidi ya spana na kifuniko cha chupa. Alilegeza na kukaza ya kushoto mara mbili mbele yangu mpaka mkono ukazoea.

Walirudi kutoka Subukia baada ya siku kumi na mbili, wakielekea tena magharibi. Tulifungua nati za mbele zote mbili juu ya beseni lile lile. Kulia: oili safi, uji mwembamba wa kijivu kwenye sumaku, kama inavyotakiwa kwa beringi mpya. Kushoto: safi, hakuna ukungu. Nililizungusha gurudumu la kulia kijana akiwa amening'inia kwenye chuma, kiganja changu kwenye nyumba, nikahesabu mizunguko kumi bila kuhisi kitu. Mzee alikuwa amefunga kifuniko cha chupa kwa kamba kwenye mpini wa spana namba ya nati ile. Tukajaza oili, akaondoka kabla ya saa sita ili apite Kericho mchana, mvua isije ikamkuta juu.